Muuzaji ameniahidi waranti ya nyumba kwa mdomo. Itanisaidia?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi. Nimepata nyumba ya vyumba vitatu upande wa Muyeye, bei yake shilingi milioni 6.5, na nitainunua kwa mkopo wa sacco pamoja na akiba yangu. Ina miaka miwili tangu ijengwe. Muuzaji aliijenga mwenyewe kwa ajili ya biashara, na hajawahi kukaa mtu ndani ila mlinzi. Kaka yangu aliyeko Ohio aliponunua nyumba kule alipewa waranti ya nyumba nzima ya mwaka mmoja. Friji ikifa au mtungi wa maji moto ukipasuka, yeye anapiga simu tu na fundi anakuja. Ananisisitizia nisinunue bila karatasi kama hiyo. Nilipomuuliza muuzaji alicheka, akasema: "Mwalimu, waranti yako ni mimi. Kitu kikiharibika mwaka huu, nipigie." Anataka arbuni kabla ya mwisho wa mwezi. Je, waranti hii ina faida gani kwa mnunuzi, na kwetu inapatikana?

JIBU: Mwalimu, nianze na kicheko cha huyo muuzaji, maana ndicho kilichonifanya nikujibu kwa urefu. Mimi kazi yangu ni kukadiria gharama za ujenzi na kukagua nyumba kwa niaba ya wanunuzi, na maneno "nipigie" nimeyasikia kwenye vibaraza vingi kuanzia Mambrui hadi Watamu. Simsemi kwamba ni mwongo. Huenda leo anamaanisha anachosema. Lakini Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, haikuruhusu kwenda mahakamani kudai haki juu ya mkataba wa kuuza ardhi ila mkataba huo uwe umeandikwa, umetiwa saini na pande zote, na saini zimeshuhudiwa. Nyumba inauzwa pamoja na ardhi yake. Basi ahadi ya barazani, hata ikitolewa mbele ya mlinzi na majirani watatu, itakuwia vigumu sana kuisimamisha mbele ya hakimu.

Jambo dogo kabla sijaendelea: ukifika benki au kwa wakili, usiseme unataka "dhamana ya nyumba". Watadhani unataka kuiweka nyumba rehani upate mkopo. Sema waranti, kama unavyosema waranti ya friji.

Sasa tuiangalie hiyo ya kaka yako. Kule Marekani waranti ya nyumba ni mkataba wa huduma, wala si bima. Biashara hii ina umri wa nusu karne sasa. American Home Shield, mojawapo ya kampuni zinazojulikana sana, ilianza mwaka 1971. Kwa kawaida mtu hulipa dola mia kadhaa kwa mwaka, tuseme 400 hadi 700 kutegemea vitu vilivyomo, na kila fundi anapoitwa hulipa ada ya ziada ya dola 75 hadi 125 hivi. Kampuni nayo hutuma fundi wake kutengeneza vitu vilivyochakaa kwa matumizi ya kila siku: mabomba ya ndani, nyaya za umeme, mtungi wa maji moto, kiyoyozi, jiko, friji. Mara nyingi muuzaji ndiye anayelipia mwaka wa kwanza ili kumvutia mnunuzi, na nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa kaka yako.

Faida zake ni za kweli, wala sizidharau. Mtu aliyetoka kununua nyumba mfuko wake mtupu: ametoa malipo ya kwanza, amelipa mawakili, amelipa ushuru. Mwezi wa pili kiyoyozi kikizima, ile ada ya dola mia anaimudu, lakini dola elfu tano hana. Tena kuna faida isiyotajwa sana, nayo kwangu ndiyo kubwa: waranti humwondoa muuzaji njiani. Anayepigiwa simu si yule aliyekuuzia, ni kampuni, kwa hiyo hakuna kununiana, wala hakuna "mbona kwangu ilikuwa inafanya kazi?". Na mtu asiyemjua fundi yeyote mjini hupata wa kumwita.

Lakini mwambie kaka yako asome zile kurasa za nyuma. Mikataba hiyo huondoa kasoro zilizokuwepo kabla ya mkataba kuanza, na vitu ambavyo havikutunzwa ipasavyo. Msingi, kuta na paa kwa kawaida havimo, au paa huingizwa kwa malipo ya ziada na kwa kiwango kidogo tu. Kila kitu kina kikomo cha pesa. Fundi huchaguliwa na kampuni, nayo ndiyo inayoamua kama kitu kitatengenezwa au kitabadilishwa. Ndiyo maana wanunuzi wenye busara kule huajiri kwanza mkaguzi wa nyumba, waranti ikaja baadaye.

Hapo ndipo ninapotaka tukae, Mwalimu. Ukiyatazama mambo yanayoua nyumba hapa kwetu pwani, karibu yote yamo katika orodha ya yale ambayo waranti ya Marekani haiyagusi.

La kwanza ni chumvi. Fundi mwenye haraka huchota mchanga karibu na bahari, au huchanganya zege kwa maji ya kisima yenye chumvi, kwa sababu ni rahisi kuliko kununua mchanga wa mtoni na maji matamu. Nyumba inapendeza miaka miwili, mitatu. Kisha chumvi inaifikia nondo ndani ya zege, nondo inashika kutu, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Basi inasukuma, zege linapasuka, na slebu, yaani lile bamba la zege la juu, inaanza kumenyeka upande wa chini. Hayo huyaoni siku ya kutembezwa. Ila unaweza kuyasikia: chukua nyundo ndogo, au hata sarafu, ugonge chini ya slebu ya baraza na kwenye lenta, ule mhimili wa zege juu ya madirisha. Palipo pazima panalia kwa ukavu. Palipoachana panalia kama debe. Angalia pia chini ya kuta, shubiri moja au mbili kutoka sakafuni. Ukiona ungaunga mweupe umejitokeza kwenye rangi, hiyo ni chumvi inayopanda pamoja na unyevu.

Na kama rangi ni mpya kabisa ilhali nyumba haijakaliwa miaka miwili, muulize imepakwa lini na kwa nini. Mimi mwenyewe niliwahi kununua nyumba ndogo hapa mjini, mwezi wa pili, kaskazi inavuma, kuta nyeupe kama sanda. Muuzaji alikuwa mtu wa heshima zake, na neno lake lilikuwa hilihili: nipigie. Masika yalipoingia, chumba cha nyuma kilichora ramani ukutani. Nilipiga simu mara ya kwanza akapokea, akasema atamtuma fundi. Mara ya pili alikuwa safarini. Mara ya tatu nilijua kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikaezua nusu ya paa kwa pesa zangu, mimi ambaye watu hunilipa kuwaonya kuhusu mambo hayo hayo.

La pili ni nyumba yenyewe kutokaliwa. Watu huliona hilo kuwa sifa, eti mpya. Mimi linanitia wasiwasi. Choo ambacho hakijatumiwa hakijajazwa, kwa hiyo hujui kama shimo linapokea maji au linayarudisha. Pampu iliyokaa kavu mipira yake hukauka. Soketi za jikoni hazijabeba jiko wala birika la umeme. Kwa hiyo siku ya ukaguzi mwambie muuzaji tenki lijazwe. Fungua koki zote pamoja kwa saa nzima, vuta maji vyoo vyote mara kumi kumi, washa kila kilichopo kwa wakati mmoja, kisha ushike suichi kuu kwa mkono uone kama imepata moto. Bafu lizibe tundu la kutolea maji, lijaze maji kina cha inchi moja, uliache usiku kucha, na asubuhi utazame ukuta wa chumba cha jirani. Mvua ikiwa haipo, ilete mwenyewe: panda na ndoo ishirini za maji kwenye ile sehemu ya slebu iliyo wazi.

Kisima kipime umbali wake na shimo la choo. Ardhi yetu ni ya matumbawe, ina matundu kama sifongo, na maji machafu hayasimami pale ulipoyaacha. Mita 30 ndiyo wengi wanayoichukua kuwa ya chini kabisa, na kiwanja cha futi 50 kwa 100 kitakupa umbali huo kwa shida, kutoka ncha moja hadi nyingine. Ikiwa vimekaribiana, kisima hicho kihesabu ni cha kufulia na kumwagilia tu.

Mchwa nitaupita haraka: bisha fremu za milango karibu na sakafu kwa bisibisi. Ikizama, umejua. Na kama upenu ni wa makuti, elewa kwamba makuti ni kama tairi la gari, hayana waranti popote duniani. Yakiwa na mteremko mkali yatakufikisha miaka saba au minane, yakilala yatavuja mapema zaidi.

(Jamaa zangu wa Lamu wakisoma haya watacheka. Kule mtu akinunua nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, ya boriti, hakuna anayeuliza waranti. Anamwita fundi mzee, na mzee anakwenda moja kwa moja kugusa ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, maana ndipo zinapoozea. Kisha anauliza kama kuna mtu amezipiga kuta plasta ya saruji. Saruji juu ya ukuta wa matumbawe hufungia unyevu ndani, ukuta ukakosa pa kupumulia.)

Sasa swali lako la pili: kwetu inapatikana? Waranti ya vyombo ipo. Pampu, mtungi wa maji moto, paneli za sola, tenki la plastiki, vyote huuzwa na kadi zake. Mwombe muuzaji akukabidhi risiti na kadi hizo siku ya kukabidhi funguo, kwa sababu bila risiti duka halitakusikiliza, na risiti zimo mikononi mwake. Bima ya nyumba nayo ipo, lakini hiyo ni ya majanga ya ghafla: moto, wizi, mafuriko, radi. Haitakutengenezea koki iliyochakaa. Ikate vilevile, lakini usiihesabu kuwa waranti. Ama ile kampuni ya kupigiwa simu kwa nyumba nzima kama ya kaka yako, katika nyumba zote nilizokagua Malindi na Lamu sijakutana na mnunuzi aliyekuwa nayo.

Wenzetu Waitaliano, ambao Malindi tumewazoea hata watoto wa ufukweni wanapatana nao bei kwa lugha yao, kwao jambo hili lipo ndani ya sheria. Kanuni yao ya Madai, kifungu cha 1669, inambana mjenzi kwa miaka 10 jengo likiporomoka au likionyesha kasoro kubwa, mradi mwenye nyumba aripoti ndani ya mwaka mmoja tangu aigundue. Wafaransa nao wana miaka yao 10 kwa sheria ya mwaka 1978. Nimekuwa na wateja kutoka huko wanaonunua nyumba hapa wakiamini kwamba miaka 10 hiyo imewafuata kwenye ndege. Haikuwafuata. Hapa kanuni ya zamani ndiyo inayotawala uuzaji wa nyumba: mnunuzi ajiangalie mwenyewe. Ukiwa na kifungu kwenye mkataba una miaka 6 ya kumshtaki aliyekivunja. Usipokuwa nacho, hata kama ukuta unalia maji, utabaki kumtafutia muuzaji kosa la ulaghai, na hiyo ni safari ndefu.

Basi tufanye nini? Tufanye walivyofanya wajenzi siku zote. Katika kazi za ujenzi mwenye mali hashiki ahadi ya mkandarasi, anashika pesa yake. Kila malipo hukatwa sehemu, mara nyingi asilimia 10. Nusu ya makato hutolewa kazi inapokabidhiwa, na nusu husubiri hadi uishe muda wa kurekebisha kasoro, ambao kwa kawaida ni miezi 6 au 12. Mkandarasi hurudi kurekebisha si kwa sababu ana moyo mzuri bali kwa sababu pesa yake iko kwako. Faida yote anayoipata kaka yako Ohio, wewe utaipata hapa kwa njia hiyo: sehemu ya bei ibaki haijamfikia muuzaji mpaka nyumba ijithibitishe.

Kwa bei yako, asilimia 5 ni shilingi 325,000. Mwambie wakili wako aandike katika mkataba wa mauzo kwamba kiasi hicho kitazuiliwa baada ya kuhamishwa kwa hati, kikae katika akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande mbili. Kisikae kwa wakili wa muuzaji peke yake, na ninyi wawili msitumie wakili mmoja hata akiwapunguzia ada. Kifungu kitaje vitu kwa majina: kuvuja kwa paa na slebu, nyufa za kuta zinazopita upana fulani mtakaokubaliana, mabomba, mfumo wa umeme, pampu, choo na shimo lake. Kiseme utamjulisha muuzaji kwa maandishi, naye atakuwa na siku 14 kurekebisha. Asiporekebisha, utaita fundi wako na gharama itatoka katika pesa hiyo. Mikataba yetu huandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani, kwa hiyo mkalishe wakili akusomee kifungu hicho kwa Kiswahili mpaka ukielewe kama unavyolielewa somo unalolifundisha.

Muda wake nao usihesabu miezi tu, hesabu masika. Miezi 6 inayoanza Julai na kuishia Januari itakupa vuli peke yake, na vuli mara nyingine hupita kimyakimya. Barua yako imekuja wakati wa kaskazi. Mkikamilisha katika siku 90 za kawaida, masika yatakuwa yameshaingia. Andika tarehe kamili, 31 Julai, ili mvua zote za Aprili, Mei na Juni ziwe zimeipiga nyumba hiyo kabla muuzaji hajapokea zile laki tatu na robo.

Atakataa, au atasema bei ilikwisha kushuka. Mpe njia mbili: ama azuiliwe hizo 325,000 azipate zote Julai nyumba ikiwa salama, ama apunguze bei leo kwa kiasi ambacho mkaguzi atasema kitahitajika. Yule aliyesema "waranti yako ni mimi" hana sababu ya kuogopa njia ya kwanza. Akizikataa zote mbili, mimi ningetafuta nyumba nyingine, na Muyeye zipo.

Arbuni ya asilimia 10, yaani 650,000, usimpe mkononi wala usimtumie kwa simu. Iende kwa wakili wake ikiwa amana, baada ya mkataba kutiwa saini na si kabla, na baada ya wakili wako kufanya sachi ya hati, yaani kuichunguza katika ofisi ya ardhi, na kuthibitisha kwamba hakuna deni la ushuru wa ardhi. Omba nakala ya ramani zilizoidhinishwa na kaunti, na jina la mkandarasi ulichunguze kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Muuzaji amekwambia alijenga "mwenyewe". Muulize mwenyewe kwa maana gani, kwa sababu wakati mwingine maana yake ni fundi wa mtaa na hakuna mhandisi aliyewahi kuitazama ile slebu. Weka pia akilini ushuru wa stempu: ndani ya mji ni asilimia 4, yaani karibu 260,000 kwa bei hii, na wanunuzi wengi huusahau, wakaja kula pesa waliyoitengea ukarabati.

Hiyo ya ukarabati iwe na mahali pake. Dola 600 za kaka yako, kwa kima cha shilingi 129 hivi kwa dola, ni kama 77,000 kwa mwaka. Wewe weka 6,500 kila mwezi katika akaunti ya sacco usiyoigusa, na ndani ya mwaka utakuwa na 78,000. Tofauti ni kwamba mwaka ukipita bila kitu kuharibika, kampuni ya kaka yako hairudishi, na yako bado ipo. Anza mwezi utakaopokea funguo, maana nyumba ya pwani huomba pesa mapema: mota ya pampu ikiungua kwa umeme unaopanda na kushuka, bawaba na makomeo ya chuma cha bei rahisi yakiliwa na chumvi. Nunua ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, utalalamika siku moja tu, siku ya kulipa.

Kuhusu huu mwisho wa mwezi aliokuwekea, usikimbizwe nao. Ukaguzi utakuchukua siku mbili, moja ya kugonga na kujaza maji, nyingine ya kurudi kuona yaliyojitokeza. Mchukue fundi wa umeme na fundi bomba ambao hawamjui muuzaji, uwalipe wewe. Nendeni asubuhi kabla bati halijapata moto, na mbebe ngazi yenu. Ngazi ya muuzaji mara nyingi haifiki juu.